Shikamoo ya Kisogoni

Nikimkumbuka Bi Mwanaheri nashukuru kwanza, ndipo naona aibu.

Kikampuni chetu hapa Boko kinatengeneza vifaa vya bei nafuu vya kusaidia wasiosikia vizuri, kwa ruzuku ya utafiti ya serikali. Siku maofisa walipokuja kukagua, nilimwomba bibi huyo, jirani yetu mwenye masikio mazito, avae kimoja mbele yao. Mimi nikasimama nyuma yake, asije akanisoma midomo.

“Shikamoo, bibi.”

Kimya. Nikarudia kwa sauti. Kimya. Ofisa mmoja akafunika kalamu yake, nami nikaiona ruzuku inaondoka. Nikamnong'oneza mwenzangu Neema, “Betri imekufa. Na bibi mwenyewe kajipamba kama anakwenda harusini, kumbe anatuzika.”

Bi Mwanaheri akageuka taratibu.

“Betri nzima, mwanangu. Ila shikamoo ya kisogoni mie siitikii. Njoo mbele unisalimie kama ulivyofunzwa kwenu.”

Nikaenda mbele, shingo imeingia mabegani.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba. Haya, irudie na ile ya harusini. Wageni hawakuisikia.”