Kofia ya Gadi wa Treni

Twaha wa Ruponda alilima korosho na ufuta kama wenzake, lakini hakuna aliyemtaja kwa korosho. Alitajwa kwa misiba. Ukoo wake una watani kila upande, kuanzia Marambo mpaka Malolo, na kwa watu wa huku mtani akija msibani ana ruhusa ya kumwigiza marehemu. Ataingia ndani achukue anachotaka, avae nguo zake, atembee mwendo wake. Mfiwa haruhusiwi kununa. Akinuna anatozwa kuku, na anachekwa mara mbili.

Wapo wanaoigiza kwa huruma. Twaha hakuwa na huruma hata ya kuazima. Mzee Harithi wa Marambo alipofariki kwa kifua, Twaha alikohoa siku ya kuanua tanga mpaka akatema kwenye kopo, akalichungulia kama marehemu alivyokuwa akifanya, kisha akampa Zaina, binti wa marehemu, alishike. "Cheka, mtani," akamwambia. Zaina akacheka huku machozi yanamchuruzika, na watu wakashika mbavu.

Kazi hiyo ilitaka vifaa. Chumbani kwake kulikuwa na sanduku la bati limejaa: miwani isiyo na vioo, magongo matatu, wigi la mtindo wa Dar alilolinunua Ruangwa, maana siku hizi migodi imeleta huko maduka ya kila kitu, na meno ya bandia ambayo hakuna aliyejua yalitoka kinywani mwa nani. Akitumwa chumvi mnadani, anarudi na kofia. Mkewe, Hajra, ndiye aliyekuwa akivianika juani visiliwe na mende. "Mume wangu ana nguo za marehemu wote," alikuwa akiwaambia majirani, "mimi kanga ya kutokea ninayo moja." Alisema akicheka. Wakati huo bado alikuwa na nguvu za kucheka.

Mwaka jana, baada ya mavuno, tumbo la Hajra lilianza kuvimba. Akajikaza, akanywa dawa za mizizi, likazidi. Asubuhi moja akashindwa kuinuka. Wakauza ufuta uliobaki, na Twaha akaenda Nachingwea kukodi gari la kumpeleka hospitali. Nia alikuwa nayo, tusimsingizie. Ila kabla ya kufika kwenye magari unapita mnadani, na pale mnadani mtu mmoja alikuwa ametandika turubai akiuza vitu vya babu yake, aliyekuwa gadi, yule anayepuliza filimbi treni iondoke, enzi za mashamba ya karanga ya Waingereza. Karanga zenyewe zilikataa, reli ikang'olewa, na leo watu wanalima mihogo ilipopita. Lakini kofia ya gadi ilikuwapo, nyeusi, ukingo wake unang'aa, na filimbi yake pembeni. Twaha akaivaa. Akapuliza filimbi. Mnada mzima ukageuka kumtazama, na hapo ndipo pesa ya gari ilipoishia.

Alirudi jioni, kofia ikiwa ndani ya mfuko. "Leo magari hakuna," akamwambia mkewe. "Tutajaribu wiki ijayo."

Hajra aliutazama ule mfuko. Akanyoosha mkono, akaitoa kofia, akaigeuza juu chini kama bakuli.

"Haya, mume wangu," alisema taratibu. "Nipakie humu unipeleke."

Alifariki siku ya tano. Twaha alilia, na kilio chake kilikuwa cha kweli. Ila kuna jambo moja lililompa nafuu, nafuu ya kishenzi: maneno yale yalisemwa wakiwa wawili tu. Hakukumbuka kwamba siku zote tano mgonjwa aliogeshwa na kulishwa na wanawake wenzake, na mgonjwa ana mdomo.

Siku ya kuanua tanga, watani wa Marambo walikuja, mbele yao Zaina. Alikwenda moja kwa moja chumbani. Alipotoka alikuwa amejifunga kanga ya Hajra, ile moja, na tumbo amelitunisha kwa mto. Vicheko vikaanza. Akajikokota hadi katikati ya uwanja, akaweka chini kofia ya gadi, akatumbukiza mguu. Akatoa, akajaribu mwingine. Akajaribu kuikalia, akaanguka. Vijana waliinua simu, wanapiga kelele kwa raha.

"Mbona treni yako ndogo, mume wangu?" Sauti ilikuwa ya Hajra kabisa. "Ndiyo gari uliyonifuatia Nachingwea? Haya, nipakie humu unipeleke hospitali."

Wanawake waliomuuguza hawakucheka. Mmoja akainamisha kichwa. Kisha kimya kikaenea, mkeka kwa mkeka, kadiri kila mtu alivyoelewa, hata simu zikashuka. Twaha alitamani ardhi immeze. Angenyanyuka aondoke, lakini ni kuku wangapi aliotoza yeye mwenyewe kwa watu walioondoka?

Zaina alijikokota mpaka alipokaa Twaha, tumbo mkononi, akachuchumaa mbele yake.

"Cheka, mtani."

Twaha akafungua mdomo, akacheka. Peke yake, uwanja mzima ukimsikiliza.

Zaina akatoa filimbi kwenye pindo la kanga, akamwekea mdomoni. "Sasa puliza. Abiria wako ameshapanda."

Akapuliza. Zaina akamwambia haijasikika, apulize tena.