Kisima Kilichonisubiri

Wapita njia wakinikuta nikivuta ndoo kisimani husema, "Mama, una bahati wewe." Mimi huitikia tu, "Tumshukuru Mungu," kwa sababu mtu mwenye kamba mkononi hana nafasi ya kueleza. Lakini neno hilo hunikera. Wanalisema kana kwamba bahati ni papai bivu, limeanguka lenyewe na wewe ukatokea tu kuwa chini yake. Kisima hiki nakijua tangu kikiwa shimo kavu, na najua kwa nini kilichelewa.

Tulishuka Voi kutoka Bura, kwenye milima ya Taita, mwishoni mwa miaka ya sitini. Mume wangu alikuwa amepata kazi relini, kwenye genge la kukaza mataruma, yale magogo yanayoshika reli, na akanunua kiwanja ng'ambo ya njia ya reli, mahali penye miiba na vumbi jekundu. Kule Bura mlimani maji yanakupitia mlangoni, kazi yako ni kuyaelekeza tu kwenye kabichi. Voi nilianza kujua uzito wa debe. Mtoni ndovu walikuwa wametangulia kila mara, wakakuachia tope, kwa hiyo maji ya kunywa niliyatoa kwenye bomba la stesheni. Nilibeba debe kichwani nikiwa na mtoto mgongoni, na mwingine tumboni. Mume wangu alikuwa na baiskeli, lakini baiskeli hiyo haikubeba debe. Ingechunika rangi. Kila Jumapili aliifuta kwanza, ndipo akaenda kuoga yeye.

Halafu jirani yetu mwenye duka akachimba kisima, akapata maji. Basi! Mume wangu hakulala tena. Nilimwambia, "Bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi," naye akasema mimi sina imani. Akaenda Miasenyi, kwenye barabara ya Mombasa, kumtafuta fundi wa visima, Mkamba mmoja mfupi, mpole, aliyekuwa na tabia ya kuongea na shimo zaidi kuliko na watu.

Sasa, mimi nilikuwa na ng'ombe. Nilipojifungua mtoto wa kwanza, mama yangu alinipa mtamba, ng'ombe mchanga ambaye hajazaa, akaniambia mbele ya kila mtu, "Huyu ni wako. Si wa boma, ni wako." Nilimleta Voi kwa miguu yangu. Nilimkatia majani mahali ambapo majani yenyewe ni ya kuombwa. Alikuwa ameshapata mimba, na mimi nilikuwa ninahesabu maziwa kabla hayajatoka. Basi nikaenda Bura kumzika shangazi yangu. Niliporudi, kwenye kigingi palikuwa na kamba tu.

"Ng'ombe yuko wapi?"

"Nimempa fundi," mume wangu akasema. "Ndiyo malipo ya kisima. Kwani si wewe unayelalamikia maji?"

Nilikuwa na mengi ya kusema. Niliweka mzigo chini, nikawasha moto, nikasonga sima. Yeye akala, akashiba, akadhani yameisha. Kimya kingi kina mshindo mkubwa, lakini mwanamume aliyeshiba hasikii mshindo.

Shimo la kwanza lilifika kwenye mwamba. La pili, upande wa pili wa nyumba, likafika kwenye mwamba huohuo. Fundi akalianza la tatu karibu na kigingi cha ng'ombe, na udongo uliotoka ulikuwa mkavu kama unga. Wakati huo kiangazi kilikuwa kimekaza, na bomba la stesheni lilifunguliwa kwa zamu. Mume wangu akaanza kusema kwamba maji yasipopatikana, mimi na watoto turudi Bura, yeye abaki kwenye kambi ya reli, tuwe tunaonana mwisho wa mwezi. Nilizijua nyumba za namna hiyo. Baada ya muda mwisho wa mwezi unakuwa mwisho wa mwaka. Sikutaka.

Ndipo mama mkwe wangu akashuka kutoka Bura. Aliyatazama mashimo yale kama mtu anayetazama sufuria iliyoungua. Hakuuliza habari za mwamba. Aliuliza, "Nani amekasirika?"

Kwetu Wadawida wa Taita, wazee hawakufikiri kwamba bahati inakuja. Ipo. Kazi ni kutoizuia, na kinachoizuia ni hasira ya mtu wako wa karibu, hasa ile isiyosemwa. Si lazima akuloge. Anakusalimu, anakupikia, na moyoni ana jiwe, basi mambo yako hayaendi. Mahindi yananyauka, mtoto hanenepi. Dawa yake ni kutasa. Mwenye hasira anakitaja kilichomuuma, wote wakisikia, kisha anachukua funda la pombe ya miwa, analipuliza nje, na kusema maneno ya heri. Kanisani tulikatazwa, na sisi tulikuwa watu wa kanisa kwelikweli. Kwa hiyo tulitumia maji badala ya pombe, na hatukumwambia padri.

Aliitwa kwanza shemeji yangu, kaka mkubwa wa mume wangu. Alikuwa mzee wa kanisa, akaja na koti la Jumapili akisingizia kuona watoto. Alipopewa kikombe alisema, "Nilichukia ulipoiacha ardhi ya baba ukaja kukaa kwenye vumbi. Nimesema, yameisha. Maji na yaje." Akapuliza. Fundi akashuka, akachimba, akapanda na udongo mkavu. Mama mkwe naye akasema lake. Aliahidiwa blanketi na mwanawe, blanketi halikufika, na baridi ya Bura si ya mchezo. Alipuliza maji kwa nguvu hivi kwamba mume wangu alijifuta uso. Palikuwa pakavu vilevile.

Jioni tulikaa jikoni, sote tumechoka. Mimi nilikuwa napakua. Hakuna aliyekuwa amenikumbuka, na sikushangaa. Mke akitoka kwao huonekana ni mikono tu. Mama mkwe akanitazama, akasema, "Na wewe, mwanangu? Una lolote moyoni?"

Kabla sijafungua mdomo, mume wangu akacheka. "Huyu? Huyu ana hasira gani? Anakula, analala, ana paa la mabati."

Ala! Paa la mabati!

Nilisimama na mwiko mkononi. "Ninalo," nikasema. "Nina ng'ombe moyoni, mzima, na pembe zake. Mama yangu alinipa mimi, si wewe. Ulingoja niende kumzika shangazi yangu ndipo ukamtoa, kwa sababu ulijua ningekuwapo asingetoka. Ukasema ni kwa ajili ya maji yangu. Nimebeba debe na mimba, na baiskeli yako imeegemea ukuta inang'aa. Hukuniuliza. Ungeniuliza, labda ningekubali. Hujaniuliza kitu tangu unioe!"

Shemeji alikuwa anatazama sima yake.

Mume wangu, ambaye hakuwa mtu mbaya, aliinuka akajaza kikombe maji akaniletea. "Haya. Umesema. Puliza basi."

"Sipulizi."

"Kwa nini tena?"

"Kwa sababu hasira haijatoka. Iko hapa." Nikajigonga kifuani kwa mwiko. "Itatoka nikimwona ng'ombe wangu kwenye kigingi chake."

Akamgeukia mama yake amkemee mkwe wake. Mama mkwe akatikisa kichwa. "Usimlazimishe. Anayetasa kwa uongo, uongo unawaangukia watoto. Ni wewe uliyemtoa ng'ombe. Mrudishe."

Fundi alikuwa amekaa mlangoni na sahani yake. Akasema kwa upole, "Mimi ni Mkamba, hayo yenu siyajui vizuri. Lakini ninayeingia chini ni mimi. Shimo la watu waliogombana siingii. Likiniangukia mtasema tu, maskini, bahati mbaya."

Usiku ule nilijua vizuri ninachohatarisha. Mwanamke mwenye akili, wangesema wengi, angepuliza yale maji, akabaki na mume wake. Mimi nilikaa na hasira yangu. Ilikuwa ya haki, nami niliona kwamba nikiitoa bure, sitaulizwa tena maisha yangu yote.

Asubuhi mume wangu aliipakia baiskeli kwenye lori lililokuwa linateremka Mombasa, akaondoka na fundi. Hakuniaga. Kesho yake, jua likiwa la utosi, lori la mkaa likasimama barabarani. Nilimwona akishuka nyuma, koti la reli limejaa masizi, viatu vimejaa kinyesi cha ng'ombe, anavuta kamba. Ng'ombe wangu alikuwa upande wa pili wa kamba, amekonda kidogo. Fundi akashuka nyuma yake amebeba ndama jike kifuani. Ng'ombe alikuwa amezalia Miasenyi. Baiskeli haikuwapo.

"Baiskeli?" niliuliza.

"Imebaki Miasenyi, badala ya ng'ombe."

Ng'ombe alininusa viganja, na mimi, mwenye maneno mengi, nililia pale barabarani kama mtoto. Nilifurahi, sifichi. Hata nilifurahi kwamba baiskeli imebaki.

Wakati wa chakula mume wangu akasema, bila kuulizwa, "Mke wa fundi amelia. Watoto wake walishazoea maziwa. Huko Miasenyi watu walikuwa wanamwambia kila siku, mama, una bahati, Mungu amekufungulia mlango."

Maneno hayo yalinichoma kuliko nilivyotegemea. Yule mama sikuwa nimemwona hata siku moja. Hakuiba kitu. Aliamka tu akakuta ng'ombe kwenye boma lake, na sasa ameamka akakuta kamba. Kamba ile mimi naijua. Nilichokuwa nimefanya ni kulitoa jiwe moyoni mwangu nikalituma Miasenyi kwa lori.

Usingizi haukuja upesi. Asubuhi nilimfuata fundi alipokuwa ananoa jembe lake, nikamwambia, "Mwambie mama watoto wako, ndama huyu akiacha kunyonya atakuja kwake. Ni wake. Si wa boma, ni wake. Na wewe usije ukambadilisha na kitu."

Fundi alicheka hadi akaweka jembe chini. "Hayo maneno nitayafikisha yalivyo," akasema.

Mume wangu alikuwa anasikiliza.

Nikaomba kikombe. Nilisimama ukingoni mwa shimo la tatu, wote wakinitazama, nikasema, "Nilikasirika, na nilikuwa na haki. Sasa hakuna kitu. Maji na yaje, watoto wanywe." Nikapuliza. Mengi yalianguka shimoni. Mengine, Mungu anisamehe, niliyaelekeza kwa mume wangu, naye hakujifuta.

Fundi aliingia. Ilichukua siku kadhaa zaidi, na alilazimika kuuzunguka mwamba kwa ubavu, lakini siku moja udongo ulipanda kwenye ndoo ukiwa mweusi na wenye unyevu, na jioni yake yalikuja maji. Watoto walipiga kelele, na jirani mwenye duka akaja mbio. Mama mkwe alipewa heshima ya kuonja kwanza. Alimumunya, akatulia, akayatema.

"Ni chumvi," akasema.

Ni chumvi kweli, mpaka leo. Sabuni haitoi povu vizuri, na chai yake ni kama mtu ameililia. Lakini ng'ombe wanayapenda, tulifyatulia matofali, tukamwagilia mapapai, na hakuna aliyerudishwa Bura. Mwanangu aliyesoma ananiambia mwamba ule umelala mshazari, kwamba fundi angeyapata tu hata ningekaa na hasira yangu mpaka nizeeke. Huenda. Mimi simbishii. Namuuliza tu, fundi angeingia vipi?

Maji matamu ya kunywa yaliendelea kutoka stesheni, ila si kichwani pangu. Mume wangu, sasa mtu wa miguu, alipita kwenye bomba kila jioni akitoka kazini, akaja na debe begani. Wenzake wa genge walimcheka, wakamwita mke wa nyumba ile. Alivumilia. Ndama naye alipoacha kunyonya alikwenda Miasenyi, na nikaletewa salamu na kuku wawili.

Lakini ninachokiita bahati, mtu akinibana niseme, si hayo. Ni kwamba tangu mwaka ule, kila msimu kabla ya kupanda, mume wangu alikuja jikoni na kikombe cha maji, akasimama pale mlangoni kama mgeni. "Mama watoto," angesema, "una lolote moyoni?" Mara nyingi sikuwa na kitu, napuliza tunaenda shambani. Mwaka mmoja nikasema, "Ninalo." Mvua ilikuwa inanukia, majirani walishaanza kufukia mbegu, na jembe lilikuwa begani mwake. Aliliweka chini, akavuta kigoda, akakaa.