Safu Iliyonyooka

Tangu alipoondoka, korido ya ofisi yetu ina kimya ambacho bado hatujakizoea. Milango inagongwa, simu zinalia, watu wanabishana nani kaondoka na ufunguo wa choo, kelele zipo. Lakini chini ya kelele hizo zote palikuwa na sauti moja iliyozishikilia, sauti ya vidole vyake kwenye kibodi, ikianza kidogokidogo asubuhi kama matone yanayojaribu bati, kisha ikimwagika hadi mchana. Kwa sababu ya sauti hiyo tulimwita Mama Mvua. Sasa ukipita mlangoni kwake unasikia feni tu.

Alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya elimu. Alianza kazi enzi za taipureta, zile za chuma ambazo ukizibeba kutoka meza hadi meza unapumzika njiani. Kompyuta zilipoletwa, wengi wa rika lake walikimbia. Yeye alikaa, akaitazama ile mpya kama mtu anavyomtazama mke mwenza, kisha akaanza kuichapa kwa nguvu zilezile za zamani, mpaka herufi zikafutika kwenye vibonye. Barua zake hazikuwa na doa. Kila mkuu aliyepita pale alisaini bila kusoma, kwa kuwa karatasi ikitoka kwa Mama Mvua ilionekana tayari imeshasemwa na serikali.

Kisha ikaja amri kutoka juu. Kila anayekaa mbele ya kompyuta awe na cheti cha kozi ya mtandaoni ya programu za ofisini, ngazi ya wanaoanza. Asiyekuwa nacho atapangiwa kazi nyingine. Sote tulijua kazi nyingine ni ipi: kubeba mafaili kwenye chumba cha chini, kusikokuwa na dirisha.

Neno lililomuuma halikuwa chumba cha chini. Lilikuwa "wanaoanza."

"Mimi naanza nini?" aliniuliza siku moja, akikunja ile karatasi ya amri mpaka ikawa ndogo kama tiketi. "Nusu ya watu humu ndani nimewafundisha mimi kuandika barua."

Akajiandikisha bila kumwambia mtu. Saa ya mapumziko alivuta kiti nyuma ya kabati, akavaa spika za masikioni, akafungua somo. Ukimuuliza anasikiliza nini, alijibu, "Mahubiri." Dereva wa ofisi, mtu asiyeachia jambo lipite bila kulitania, akalishika hilo.

"Mama Mvua, mhubiri kasemaje leo?"

"Kasema madereva wote motoni."

"Na wapiga chapa?"

"Sisi tuna barua ya msamaha. Niliichapa mwenyewe."

Tulicheka. Yeye alicheka pia, huku mkono wake umeufunika ule mwanga wa skrini.

Mwalimu wa kozi alikuwa sauti tu na uso mdogo kwenye kona, kijana mpole aliyewaita wote "wapendwa." Mwanzoni masomo yalikuwa mepesi mno, mpaka Mama Mvua akaona haya kwa niaba ya mwalimu. Kuweka kichwa cha habari katikati. Kukoleza neno. Kunyoosha aya. Yote aliyajua kwa jicho. Sasa alionyeshwa kitufe. Kisha wakafika kwenye majedwali, na hapo ndipo alipoduwaa. Mashine ilijumlisha safu nzima ya namba kwa mguso mmoja. Maisha yake yote alikuwa amechapa jumla zilizotolewa na watu wengine.

"Wapendwa," sauti ikasema, "kuanzia leo msijumlishe kwa mkono. Iachieni mashine."

Kazi ya mwisho ya kozi ilikuwa kutengeneza jedwali halisi la ofisini kwako. Siku zile ofisi ilikuwa inatafuta idadi ya watoto wanaokaa sakafuni katika kila shule, ili kule juu watoe madawati. Aliyekuwa anapiga simu kwa walimu wakuu na kukusanya idadi hizo ni msichana wa takwimu. Meza yake na ya Mama Mvua zilitazamana. Alikuwa binti wa mkataba wa muda, mwembamba, mwenye kusema "samahani" hata akipishana na kiti. Alimwita Mama Mvua "Mama" tupu, bila kuongeza jina, kama mtu anavyomwita aliyemzaa.

"Mama, ukishazichapa nirudishie nijumlishe."

"Niachie, mwanangu. Leo jumla naitoa mimi."

Binti akatabasamu, akamwachia. Hakuna mwingine aliyejua.

Mama Mvua akalichapa jedwali. Lakini alipomaliza aliona kitu kilichomkera. Baadhi ya namba zilisimama upande wa kulia wa visanduku vyake, nyingine zimejibanza kushoto, ovyo, kama wanafunzi wasiojua mstari. Hakujiuliza kwa nini. Mkono wa mtu aliyenyoosha kurasa maisha yake yote hauulizi, unanyoosha. Akaichagua safu yote, akabonyeza kitufe cha kuweka katikati alichofundishwa somo la pili. Zikanyooka. Akaagiza jumla, jumla ikatoka. Alilitazama jedwali lile, aliniambia baadaye, kama mtu anavyomtazama mtoto aliyevalishwa sare mpya.

Mkuu wa ofisi alipoliona alipiga mluzi. "Mama, hili halihitaji hata kunyooshewa kidole." Akasaini, likapanda juu. Nakala yake Mama Mvua akaituma kwa mwalimu wa kozi.

Somo lililofuata lilikuwa la kusahihisha. Kamera yake aliizima kama kawaida, na mwalimu hakutaja majina.

"Kuna mwenzetu katuletea jedwali zuri kuliko yote," sauti ilisema, na jedwali lake likajaa kwenye skrini. "Ila tazameni." Mwalimu akauondoa ule mpangilio wa katikati. Papo hapo namba zikakimbia, hizi kulia, zile kushoto, kama watu waliofumaniwa. "Programu hii husogeza namba kulia na maneno kushoto. Hizi za kushoto mashine inaziona ni maneno, kwa hiyo haikuzijumlisha. Kwa nini? Kwa sababu kila penye moja, mwenzetu kaandika L ndogo."

Mama Mvua akaitazama mikono yake. Taipureta aliyojifunzia haikuwa na kitufe cha moja. Zilikuwa nyingi za aina hiyo. Ili kuokoa kibonye kimoja, moja iliandikwa kwa L ndogo, kwa kidole cha pete cha mkono wa kulia. Kidole hicho hakikuwahi kuambiwa kwamba mambo yamebadilika. Tangu kompyuta zifike, kila tarehe, kila namba ya faili, kila mwaka aliouandika ulikuwa na herufi ndani yake, na kwenye karatasi hakuna jicho lililoweza kuona.

Mtu mmoja akafungua maikrofoni. "Huyo atakuwa bibi yetu wa enzi za ukoloni!"

Vicheko vikajaa masikioni mwake, kwa karibu, kama vinatoka ndani ya kichwa chake mwenyewe.

"Msimcheke," mwalimu alisema. "Mikono yake ilifundishwa na mashine nyingine."

Huruma ile ilimchoma kuliko vicheko. Akavua spika. Dereva alikuwa anapita na ndoo yake ya kuoshea gari.

"Aisee, Mama Mvua! Mhubiri kakugusa leo. Mpaka macho mekundu."

"Kanigusa," alisema.

Siku ile ilikuwa bado mapema. Jedwali lilikuwa limefika juu lakini madawati hayajagawiwa. Simu moja tu ingetosha. Aliishika simu. Aliniapia kwamba aliishika. Akafikiria maneno atakayosema, "Nimekosea jumla," na swali litakalofuata, "Kwani unajumlisha wewe?", na neno "wanaoanza" likimsubiri mwisho wa mazungumzo kama mbwa mlangoni. Akairudisha chini. Akajiambia kule juu kuna wasomi, watagundua kosa wenyewe. Akajiambia atasema kesho. Kesho ni rafiki mzuri wa mwenye aibu, haimkatalii kamwe.

Kule juu hawakusoma safu. Walisoma jumla. Madawati yakaja kwa jumla ile, yakagawiwa kwa foleni, na shule za mwisho zikapata lori tupu na dereva wa kusainisha. Walimu wakuu wakaja na hasira zao mpaka mlangoni kwa mkuu wa ofisi. Naye akatuita wote, akaliweka jedwali mezani na kikokotoo juu yake.

"Idadi za shule ni sahihi," alisema. "Nimezipitia. Jumla ndiyo mbovu, tena mbovu sana. Takwimu, hii jumla umeitoa wapi?"

Hakumtazama Mama Mvua hata kidogo. Kwake yeye mpiga chapa anachapa. Nani angeishuku mvua kwa kosa la hesabu?

Msichana wa takwimu akageuka akamtazama Mama Mvua. Hakumtazama kwa hasira. Sote tuliuona mtazamo ule, na sote tulidhani ni mtoto anayetafuta mtu wa kumkinga. Mama Mvua aliinama, akaanza kunyoosha ncha ya kitambaa cha meza iliyokuwa imejikunja.

"Nakuuliza wewe. Imeshuka kutoka mbinguni?"

"Hapana, bosi."

"Basi?"

"Samahani," binti alisema.

Mkataba wake haukuongezwa. Alikusanya vitu vyake kwenye mfuko wa plastiki, akatuaga mmojammoja, na alipofika kwa Mama Mvua alimshika mkono kwa mikono yake miwili, kwa heshima, kama siku zote.

Kiti cha mbele yake kikabaki wazi. Mama Mvua alichapa akikitazama, na sauti ya vidole vyake ikaanza kukatikakatika. Kila alipofika kwenye moja alisimama, akaitafuta juu kushoto kama anayeanza kweli. Cheti kikaja kwa barua pepe, maana alama zake nyingine zilitosha. Mkuu wa ofisi akakichapisha na kukibandika kwenye ubao wa matangazo, akaandika chini yake kwa kalamu: "Vijana igeni." Kila asubuhi ilimbidi apite pale. Alipita akiwa ameangalia ukuta wa pili.

Jumapili moja alikwenda nyumbani kwa yule binti. Alimkuta uani, anafua. Binti alifuta mikono haraka, akaleta kigoda, akaamkia, akauliza habari za nyumbani, za ofisini, za miguu inayomsumbua. Mama Mvua alijibu zote. Kisha salamu zikaisha, pakawa hakuna tena pa kujificha.

"Mwanangu, ile jumla."

"Najua, Mama."

"Hujui. Niache niseme. Zile moja..."

"Ni L," binti alisema taratibu. "Nilifungua faili siku walimu walipokuja. Kabla ya kikao."

Povu lilikuwa linapasuka ndani ya beseni. Mama Mvua alisikia kila tone.

"Ulijua, na ukanyamaza?"

"Sasa ningesemaje, Mama? Nisimame mbele ya watu wote niseme mama yangu hajui kuandika moja?" Akachukua shati, akalikamua, akaliachia. "Nilijua utasema mwenyewe. Nikakutazama. Nikangoja."

"Na mimi nikainama."

Binti akaliokota tena lile shati. Alimpenda mno hata asikubali, na hakuwa mwongo hata akatae.

"Niliacha kungoja jioni ile," alisema baadaye. "Si kwa ubaya, Mama. Nilichoka tu."

Jumatatu Mama Mvua aliingia kwa mkuu wa ofisi bila kubisha hodi, akamwambia yote: herufi, kitufe, vicheko, simu aliyoishika na kuirudisha. Alisimama wima, akitaraji kufokewa. Nadhani alihitaji kufokewa kama mgonjwa anavyohitaji sindano. Mkuu alimsikiliza akigeuzageuza kalamu.

"Mama, yaliyopita si ndwele. Nafasi ile imeshapangiwa mtu. Na wewe ni mtu mzima, una cheti, una heshima yako hapa. Unataka nikapande juu niseme nini? Nenda kaendelee na kazi."

"Heshima ipi?"

"Mama, tafadhali."

Akatoka. Alikwenda moja kwa moja kwenye ubao wa matangazo, akakibandua cheti, akatuita. Tukatoka vyumbani, dereva naye akaja na ndoo yake. Akatuambia sisi, kwa kuwa mkuu alikataa kuambiwa. Hata ule mtazamo wa binti hakuuruka. Tulisubiri dereva aseme neno, tupumue. Dereva aliitua ndoo chini, akaangalia maji.

Aliandika barua mbili. Ya kwanza ilikwenda juu, ikieleza jumla ilivyoharibika na nani aliyeiharibu. Haijajibiwa mpaka leo. Ya pili ilikuwa ya kuomba kustaafu kabla ya wakati wake, na hiyo ilijibiwa upesi.

Msichana wa takwimu alipata kazi kwenye duka la steshenari, huko anatoa nakala na kuwaandikia watu barua za maombi. Wanaonana mara chache. Wakionana, binti anaamkia kwanza, na Mama Mvua anaitikia akiwa ametazama pembeni.

Siku hizi anaishi kwa mdogo wake wa kiume, nyumba ya uani nyuma ya kituo cha mafuta. Amejiandikisha upya katika kozi ileile, tangu somo la kwanza, na kamera yake ameiwasha.