Mpira Uliopita Juu ya Kichwa cha Rusty

Lyle Tollefson alikuwa na kazi moja tu katika timu ya mpira wa Kimarekani ya Chuo cha Nordahl, na mashabiki wengi hawakujua hata kama kazi hiyo ina mtu wake. Timu ilipokwama na kulazimika kuupiga mpira mbali ili kuwarudisha wapinzani nyuma, Lyle aliingia uwanjani, akainama, akaushika ule mpira wenye umbo la yai, akaurusha nyuma katikati ya miguu yake hadi mikononi mwa Rusty Kowalke. Rusty akaupiga teke, nao ukaenda. Lyle akarudi benchi kunywa maji. Miaka mitatu alifanya hivyo, na hakuna aliyewahi kumsifu, kwa sababu kazi ya namna hiyo ikifanywa vizuri haionekani.

Alikuwa mtoto wa mfugaji wa ng'ombe wa maziwa, kusini mwa Minnesota. Mrefu, mkimya, mikono mipana kama majembe. Rusty alikuwa kinyume chake kwa kila kitu: mfupi, mwekundu wa nywele, mdomo haupumziki. Waliishi chumba kimoja bwenini. Rusty alikuwa akiamka asubuhi na kusema, "Tollefson, ukininyima mpira mzuri Jumamosi, nakuuza kwa ng'ombe wa baba yako." Lyle alicheka chinichini, akaenda kuoga.

Mwaka wao wa mwisho, Nordahl walifika mbali kuliko walivyowahi kufika. Vyuo vidogo kama kile havimlipii mtu ada kwa ajili ya mpira. Vijana huchimba theluji uwanjani wenyewe kisha wakacheza. Lakini mechi za mtoano zilipoanza mwezi wa Novemba, mji mzima ulichanganyikiwa. Mwenye duka la nyama alifunga mapema. Mchungaji alifupisha mahubiri. Walishinda ya kwanza, wakashinda ya pili, wakashinda ya tatu kwa bahati tupu, hadi wakajikuta nusu fainali, ugenini Iowa, kwenye uwanja wa Chuo cha Wexler.

Baba yake Lyle, mzee Arnold, hakuwa amewahi kuona mechi hata moja. Ng'ombe hukamuliwa asubuhi na jioni, na hawajui Jumamosi ni nini. Ila siku ile alimwachia jirani zizi, akaendesha gari lake la mizigo peke yake hadi Iowa, akasimama nyuma ya kamba akiwa amevaa koti lake la zizini.

Dakika za mwisho Nordahl walikuwa wakiongoza kwa alama nne. Theluji ilikuwa imeanza kuanguka, nzito, ya majimaji. Wakakwama karibu kabisa na eneo lao la goli, na kocha akaita wapiga teke. Lyle akaingia. Akaufuta mpira kwa shati. Alimsikia Rusty nyuma yake akisema kama kawaida yake, "Niletee mtoto, mama." Lyle akarusha.

Mpaka leo hajui kilitokea nini. Mpira ulimtoka vidoleni mapema, ukapaa. Rusty aliruka mikono juu, ukampita kichwani, ukadunda ndani ya eneo la goli, na kijana mmoja wa Wexler akauangukia kwa tumbo. Alama sita. Uwanja ukalipuka. Lyle alibaki ameinama vilevile, kichwa kati ya magoti, akiangalia dunia juu chini.

Baada ya mechi alikaa kwenye chumba cha kubadilishia nguo, buti hazijavuliwa. Rusty alimwendea, akataka kusema kitu. Lyle akasimama, akachukua begi lake, akatoka. Nje alimkuta baba yake kando ya gari, injini inanguruma.

"Unarudi na wenzako au na mimi?" Mzee Arnold aliuliza.

"Na wewe."

Wakaondoka. Njiani alimpa kahawa ya chupa, na walipokaribia nyumbani ndipo aliposema, "Ng'ombe hawataki kujua nani kashinda." Ilikuwa faraja kubwa kabisa aliyokuwa nayo, na Lyle alielewa hivyo. Lakini faraja hiyo ndiyo aliyoifuata maisha yake yote. Alitafuta kukaa na wasiotaka kujua.

Alimaliza chuo bila kuaga watu. Akajifunza ufundi wa tanuri za kupashia nyumba joto, akaoa msichana wa mji wa jirani, Carla, ambaye hakuwa na habari na mpira. Alikuwa fundi mzuri. Ukimwita kukiwa na baridi ya kukata masikio, anakuja. Anashuka kwenye chumba cha chini ya nyumba yako, analala chali, anafanya kazi bila maneno. Ila ukiwa umetundika bendera ya Nordahl ukutani, utaona anafanya haraka kidogo. Shule ya sekondari ilimwomba awafundishe vijana kurusha mpira. Akasema mgongo unamsumbua. Binti yake alipopata nafasi ya kusoma Nordahl, Lyle alimpeleka na mizigo yake, akashusha masanduku bila kuzima gari, akaondoka.

Watu wa kule ni wapole. Hakuna aliyewahi kumtajia ule mpira. Na upole huo yeye aliuona kama kidole kinachomnyooshea, kwa maana kama hawasemi, basi wanafikiri.

Rusty peke yake ndiye aliyepiga simu. Kila Novemba, Nordahl wakiingia mtoano au wasiingie, wachezaji wa timu ile walikutana kwenye mechi moja, wakakaa pamoja, wakanywa bia, wakala soseji. Na kila Novemba Rusty aliacha ujumbe kwenye simu: "Tollefson! Bado uko hai? Tunakaa upande wa jua, kama jua likitoka. Lete soksi mbili, umri umekwenda." Lyle alisikiliza ujumbe mpaka mwisho, halafu akaufuta.

"Utampigia?" Carla alikuwa akiuliza.

"Kesho."

"Kesho ya lini, Lyle?"

Miaka ikaenda, Carla akaacha kuuliza. Lyle aliamini kwamba watu wale wakikutana, hadithi ni moja tu, na ni yake. Aliwaona akilini wakitikisa vichwa. Hakuweza kwenda kukaa katikati ya vichwa vile.

Novemba moja simu iliita akiwa chini ya nyumba ya ajuza mmoja, mikono imejaa masizi. Jina la Rusty likawaka kwenye kioo. Aliitazama ikiita hadi ikanyamaza. Ujumbe wa mara hii haukuwa na mzaha. Sauti ilikuwa nyembamba, kama ya mtu aliyepanda ngazi. "Lyle. Mwaka huu njoo, bwana. Hata nusu ya kwanza tu." Ilikuwa mara ya kwanza kumwita Lyle. Alitambua hilo, likamkaa moyoni siku nzima, na bado hakwenda. Alijiambia ajuza anahitaji joto. Tanuri ya ajuza ilikuwa imeshapona tangu asubuhi.

Februari Rusty akafa, saratani ya kongosho. Carla ndiye aliyeliona tangazo gazetini. Alimwekea Lyle suti kitandani.

Baada ya ibada watu walishuka kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Kulikuwa na mikate ya nyama ya nguruwe, mabakuli ya viazi vya kuoka na nyama ya kusaga, kahawa nyepesi ya kanisani. Lyle alisimama karibu na makoti, akipanga kuondoka. Hapo jitu moja lenye mvi likamvamia na kumkumbatia hadi mbavu zikalia. Alikuwa Duane Schmitz, waliyekuwa wakimwita Pipa, naye jina hilo alikuwa amezidi kulistahili.

"Jamani, njooni muone mzimu!" Pipa aliwaita wenzake. "Tollefson mwenyewe! Tulishakuzika zamani wewe."

Walimzunguka, wazee watano sita wenye vipara na magoti mabovu. Lyle akaona heri aseme kabla hawajasema.

"Kuhusu ule mpira," alisema. "Sikuwahi kuwaomba radhi."

"Mpira upi?" Mmoja akauliza, akitafuna.

"Wa Iowa."

"Aa, ule!" Pipa akapasua kicheko, akamwaga kahawa. "Uliruka kama bata aliyesikia bunduki! Rusty alisema angekuwa mrefu inchi moja zaidi angekuwa shujaa, basi kosa ni la mama yake." Wote wakacheka, Lyle akajikuta anacheka nao huku machozi yanamlenga. Kisha Pipa akafuta mdomo. "Lakini wewe hukuwepo kwenye basi, siyo? Ndiyo maana hujui."

"Sijui nini?"

"Kanisani! Hadithi ya kanisani!"

Wakamsimulia, wote kwa pamoja, wakikatana maneno. Basi lilinasa kwenye theluji katikati ya mashamba, mahali pasipo hata taa. Wakulima wakaja na matrekta wakawavuta hadi kwenye kanisa dogo. Kina mama wakatoka majumbani na vyungu. Walilala sakafuni, wamejifunika mapazia ya jukwaa la maigizo ya watoto. Kocha Hegdahl, mtu ambaye hakuwahi kutabasamu, alipiga kinanda. Walilia, wakaimba, wakala keki za Krismasi za watu. "Nimeoa, nimezaa," alisema Pipa, "lakini usiku kama ule sijauona tena. Kila mwaka tukikutana ni hiyo tu. Wake zetu wamechoka kuisikia."

Lyle alisikiliza. Miaka yote ile aliyodhani wanakaa kumjadili, walikuwa wanakaa kusimulia kanisa, vyungu na kinanda. Hakuwamo hata kwenye lawama. Hilo lilimuuma kwa namna ambayo hakuitarajia. Lawama angalau ingekuwa nafasi.

Mjane, Jolene, alikuja akamshika mkono, akampeleka kwenye viti vya pembeni.

"Nilikukasirikia," alisema. "Sikufichi. Novemba nilimwambia, achana naye huyo mtu, hakutaki. Akasema hapana, Tollefson ni mzito tu kuwaka, kama zile tanuri zake."

"Alikuwa na jambo la kuniambia?"

"Hakuwa na jambo. Alikuwa anajua hatafika msimu mwingine. Alitaka ukae naye kwenye baridi, basi." Akakunjua kitambaa, akakikunja tena. "Unajua usiku ule wa theluji alikupigia nyumbani? Kwa simu ya mchungaji. Aliogopa mmepinduka njiani. Baba yako akamwambia umelala."

"Baba hakuniambia."

"Labda aliona ni bora ulale."

Lyle alijua ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa macho usiku ule, amelala kifudifudi, akisikia simu ikiita chini, akiomba isiwe yake. Mzee Arnold alikuwa ameshakufa, hakuna wa kumuuliza, na hata angekuwepo, angesema nini? Alimlinda mwanawe kwa njia aliyoijua.

Novemba iliyofuata Nordahl wakaingia tena mtoano, na mechi ya kwanza ilikuwa nyumbani. Lyle alikwenda na Carla. Alipofika kwenye geti miguu iligoma kidogo, Carla akamsukuma mgongoni kama anayesukuma ndama. Pipa alikuwa amewawekea blanketi. Soseji zilikuwa mbichi katikati, bia ilikuwa inaganda chupani. Nordahl walizidiwa tangu mwanzo, wakawa wanapiga teke kila mara, na kila kijana mrushaji alipoinama Lyle alishika ukingo wa benchi. Mpira ulikwenda sawa kila safari. Hakuna aliyepiga makofi. Mara ya nne hivi akaacha kushika.

Mapumziko yalipofika alimgeukia Pipa. "Hebu nisimulie tena ya kanisani. Pole pole. Tangu basi liliponasa."

"Hujachoka?"

"Nimeisikia mara moja tu."

Pipa akafurahi, akaanza. Akaeleza matrekta, akaeleza mapazia, akaigiza kocha kwenye kinanda. Kisha akasema, "Sasa tukiwa tumelala, giza totoro, kila mtu anajifanya halii, Rusty akaketi, akasema kitu kuhusu wewe. Tulicheka, bwana, mpaka mchungaji akaja kugonga."

"Alisema nini?"

Pipa akafungua mdomo, akasita. Akatazama uwanja. "Ngoja. Alisema..." Akamgeukia mwenzake aliyekaa nyuma. "We, Rusty alisema nini kanisani, kuhusu Tollefson?"

Yule akafikiri. "Kitu cha ng'ombe? Hapana. Sikumbuki. Yeye ndiye aliyekuwa anakisema kila mwaka."

Wakaulizana benchi zima, mmoja mmoja. Wote walikumbuka kucheka. Timu zikarudi uwanjani, watu wakasimama, na Lyle naye akasimama nao, mikono mfukoni, akitazama vijana wakijipanga kwenye theluji.