Injini Isiyozimwa

Gari langu lilikuwa na sharti moja tu: likishapata moto, usilizime. Asubuhi likiwa la baridi stata ilikubali, kwa kununa, lakini ilikubali. Ukishaliendesha hata nusu saa kisha ukalizima, umejitakia mwenyewe. Unageuza ufunguo, unasikia "tik", basi. Hapo utabembeleza, utatukana, utalia, haliwaki mpaka lipoe au lisukumwe na watu wenye nguvu zao.

Ningekuwa naishi milimani nisingehangaika, ningeliegesha kwenye mteremko na kuliachia. Lakini Ifakara hii mteremko utautoa wapi? Bonde lote limelala kama mkeka. Kwa hiyo nilijenga mlima wangu. Nililetewa udongo na kifusi, nikakishindilia mbele ya nyumba yangu pale Lipangalala mpaka kikafika kiunoni, na kila jioni nilipanda nalo juu, nikaliacha kichwa kikitazama barabara, ili nikiitwa usiku kabla halijapoa niliachie tu. Majirani walicheka mpaka wakachoka. "Mwalimu kajenga Udzungwa yake," walisema. Na mimi nikawauliza, kwani wao wana magari mapya? Wakanyamaza, maana hawakuwa hata na bovu.

Lilikuwa gari la dizeli, stesheni wagoni, refu, la zamani kuliko wanafunzi wangu wote. Nililinunua kwa mtu wa mradi aliyekuwa anarudi kwao. Ukilaza viti vya nyuma linaingiza magunia sita ya mpunga, au mtu mzima anajinyoosha bila kukunja miguu. Ndiyo maana mtaa mzima ulinifahamu kwa mambo mawili: mgonjwa akizidiwa, na maiti ikitakiwa kusafirishwa.

Fundi wangu wa Katindiuka alikuwa ameniambia waziwazi. "Mwalimu, badilisha stata. Siku moja hii kitu itakuumbua." Nilimwambia baada ya mavuno. Yakaja mavuno, nikasema baada ya mavuno mengine. Nisisingizie pesa, pesa ilikuwapo. Ukweli ni kwamba nilikuwa najivuna. Nilipenda kuwa mtu pekee anayelijua lile gari, anayejua pa kuliegesha, na wa kumwita alisukume. Nilijiona mjanja, Mungu anisamehe.

Siku moja kabla ya haya ninayoyasimulia, nilipigiwa simu kutoka Michenga. Alikuwa mzee mmoja ninayemfahamu, kaka wa mama mmoja ambaye shamba lake limepakana na langu. Yule mama na mimi tumeazimana mbegu miaka mingi, tumegombana juu ya maji ya majaruba ya mpunga, tumepatana. Mzee akaniambia kijana wa dada yake amefariki, mwanaye wa pekee, na wanazika kesho. Makaburi yako mbali na njia ina tope. Je, naweza kuwasaidia gari kubeba jeneza?

Nilichofikiria ni injini. Nililiona gari langu limesimama makaburini, watu wanasali, na lenyewe linanguruma na kutoa moshi kwa sababu siwezi kulizima. Ingekuwa aibu. Ningemweleza hivyo, angenielewa. Lakini nilikuwa nasahihisha mitihani ya watoto tisini, kichwa kinaniuma, na yeye alikuwa mtu wa tatu kuniomba gari wiki ile. Mdomo wangu nao ukishafunguka hauna breki.

"Gari langu siyo la kubebea maiti," nikasema, mimi niliyekwisha kuzibeba nyingi.

Yule mzee akasema, "Haya, Mwalimu. Ahsante," akakata simu. Nilibaki nimeishika ile simu sikioni, najua kabisa nimekosea. Sikumpigia tena. Nilijiambia nitakwenda kuwaona kwenye matanga, nitaomba radhi vizuri, uso kwa uso.

Kesho yake, saa saba mchana, simu ikalia tena kutoka Michenga. Safari hii alikuwa shemeji yangu. Mdogo wangu na mumewe walikuwa wanakaa kule shambani kwangu, wanaamia ndege wasimalize mpunga. Mdogo wangu alikuwa na mimba ya kwanza, imebaki kama wiki tatu.

"Dada, anatoka damu," akasema.

"Damu kiasi gani?"

"Nyingi. Nesi wa zahanati kasema apelekwe hospitali Ifakara sasa hivi. Kasema asikae kwenye pikipiki, alazwe. Gari la wagonjwa limekwenda na mtu mwingine."

Sikukumbuka hata kufunga mlango wa nyumba. Nilitupa godoro nyuma, nikaliachia gari kutoka kwenye kilima changu, likawaka, nikaondoka. Mvua ilikuwa imenyesha siku mbili mfululizo. Njia ile ni tuta jembamba la udongo, kulia majaruba yamejaa maji, kushoto majaruba yamejaa maji. Niliendesha nimeng'ang'ania usukani kwa mikono miwili, naongea na gari kama mtu mwenye wazimu. "Usinifanyie leo. Kesho nifanyie unachotaka, leo hapana."

Nilipofika sikuzima. Shemeji na nesi walimbeba mdogo wangu wakamlaza kwenye godoro. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi, na khanga aliyovaa kiunoni ilikuwa imelowa yote. Nesi alinishika bega akaninong'oneza, "Mwalimu, huyu na mtoto wake wote wako hatarini. Usisimame popote." Shemeji akapanda nyuma, akampakata mkewe kichwa, nikageuza.

"Dada," mdogo wangu akaniita kutoka nyuma.

"Nakusikia, mama."

"Mtoto hachezi."

"Amelala huyo. Watoto wa tumboni nao wanalala." Nilisema hivyo kwa sauti yangu ya darasani, ile isiyotaka swali jingine.

Tulikuwa tumekwenda robo saa hivi nilipowaona. Mbele alitangulia mtu na msalaba wa mbao, nyuma yake wanaume sita na jeneza mabegani, na nyuma yao kina mama na wazee, wanaimba. Walikuwa wanakuja upande wetu, wamejaza njia yote. Vijana wengine wote walikuwa wametangulia makaburini kuchimba, kama ilivyo kawaida. Nilijua mara moja ni msiba gani. Walikuwa wanambeba kwa miguu, kwenye tope, kwa sababu mimi nilikataa.

Kwetu ukikutana na jeneza njiani unasimama. Unazima chombo, unashuka, unainamisha kichwa mpaka lipite. Hata bodaboda wale wasiomheshimu mtu hufanya hivyo. Nimefundishwa tangu mtoto, nimewafundisha watoto wa watu, nimefanya maisha yangu yote. Na siku ile juu ya desturi nilikuwa na aibu yangu. Nilimwona yule mama wa marehemu, nikashindwa kumtazama. Nikasogeza gari pembeni kadiri njia ilivyoruhusu, nikafunga breki. Mkono wangu ukageuza ufunguo.

Nasema mkono wangu kwa sababu mimi mwenyewe sikuwapo. Nilikuja kushtuka kwa ule ukimya.

"Dada," shemeji akasema, polepole sana. "Umezima?"

Nikageuza ufunguo. Tik. Nikageuza tena. Tik. Nikaupiga usukani ngumi, nikasema tusi ambalo sijalisema tena mpaka leo, mbele ya jeneza. Wimbo ukakatika. Watu wote wakasimama wakinitazama, na nyuma mdogo wangu akaanza kuugua, sauti ndefu ya chini ambayo sikupata kuisikia kwa mtu.

Yule mzee wa kwenye simu akaja dirishani.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba. Kuna nini, Mwalimu?"

"Mdogo wangu ana mimba, anatoka damu. Gari likizimwa haliwaki. Lazima lisukumwe."

Nilingoja aniambie neno. Nilistahili aniambie kwamba gari langu siyo la kubebea maiti, basi nisubiri maiti ipite. Hakusema hivyo. Alichungulia kioo cha nyuma, akamwona mdogo wangu, kisha akageuka kuwatazama watu wake. Walikuwa wazee watupu na kina mama. Wenye nguvu walikuwa wale sita, na wale sita walikuwa na jeneza mabegani. Jeneza likishatoka nyumbani haliwekwi chini njiani. Linakwenda mpaka kaburini. Shemeji alikwisharuka nje, anasukuma peke yake, miguu inateleza, anasukuma na kulia kama mtoto. Gari halikutikisika.

Ndipo yule mama akatoka katikati ya wenzake. Alikuja mpaka kwenye mlango wa nyuma, akaangalia ndani kwa muda. Kisha akawageukia wale wanaume.

"Mtueni," akasema.

Mzee akamwambia, "Dada yangu, hapa njiani? Kwenye tope?"

"Nimesema mtueni. Mwanangu hana haraka tena."

Kina mama wakavua khanga za juu, wakazitandika kwenye tope, moja juu ya nyingine, na jeneza likawekwa juu yake. Yule mama akapiga magoti pembeni, akaweka mkono juu ya mbao. Wale wanaume sita wakaja nyuma ya gari, na wazee wakaja, na kina mama mabega wazi wakaja, na mzee wa kwenye simu akashika nguzo ya mlango wangu.

Nikakanyaga klachi, nikaweka gia ya pili. Wakasukuma. Nikaachia klachi, gari likaruka, likakohoa, likafa. "Tena!" mzee akapiga kelele. Mara ya pili magurudumu yaliburuzika kwenye tope bila kugeuza injini, na mtu mmoja akaanguka kifudifudi, akaamka, akarudi kusukuma. Nilikuwa nalia sasa, sijifichi. Mara ya tatu nilingoja, nikawaacha wasukume mpaka nikasikia pumzi zao zinakatika, ndipo nikaachia. Likashika. Likatema moshi mweusi juu ya watu wote wale, juu ya nguo zao za msibani, na mimi sikuweza hata kupunguza mwendo kusema ahsante. Kwenye kioo niliwaona wanapangusa macho na kurudi kwenye jeneza lao.

Yote hayo yalichukua kama dakika ishirini. Labda ishirini na tano. Nimeyahesabu mara nyingi, sipati jibu moja.

Pale hospitali walimpokea mbio, wakampeleka upasuaji. Nilikaa kwenye benchi na shemeji. Mlinzi akaja kuniambia, "Mama, gari lako linawaka pale nje," nikamwambia alizime. Baadaye daktari akatoka, akavua kofia yake, akatuambia mama mzima, amepoteza damu nyingi lakini mzima. Mtoto walimkuta ameshafariki. Alikuwa wa kike. Sikumuuliza daktari kama dakika ishirini zingetosha. Naogopa kumuuliza mpaka leo.

Siku ya tatu nilikwenda Michenga kwenye matanga. Nilikwenda kwa bodaboda, na njiani nikapanga uongo. Nitamwambia yule mama mtoto mzima. Alikuwa amemlaza mwanaye kwenye tope kwa ajili yetu, kwa nini nimtwishe na hilo? Nilipanga hata uzito wa mtoto.

Nilimkuta amekaa mkekani ndani, ameegemea ukuta, kina mama wenzake wamemzunguka. Nikapiga magoti. "Shikamoo, mama. Pole sana."

Hakuitikia pole. "Mtoto?" akauliza.

Nilifungua mdomo niseme uongo wangu. "Hakuwahi, mama," nikasema. "Mdogo wangu amepona. Mtoto hakuwahi."

Wenzake wakaguna. Yeye alinitazama tu, macho mekundu, makavu. "Ni sisi tuliwachelewesha?"

"Siyo ninyi." Hapo kilio kikanishika, nikawa nasema kwa vipande. "Ni mimi. Lile gari nilijua ni bovu, mama. Nilijua siku zote. Kila mwaka nikawa nasema baada ya mavuno."

Hakusema nisilie. Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la khanga yake.

"Na mimi wangu nilijua anaumwa," akasema. "Wiki mbili namtazama. Kila siku nasema kesho ataamka."

Kisha akajisogeza kando, akanipisha nikae naye mkekani.