Picha Iliyokuwa Ikisafishwa Morogoro

Redio ndiyo iliyonitia kiherehere. Ilitangaza kamera mpya ya dijitali, haitumii mkanda, unapiga na papo hapo unaiona picha kwenye kioo. Nilikuwa kibandani kwangu Magomeni, Kilosa, nafuta lenzi, nikaiweka chini. Haitumii mkanda? Sasa picha inakaa wapi? Siku hizo vitu vipya vilikuwa vinamiminika madukani kila wiki na nilishavizoea, lakini hiki kilininyima raha. Nilimuuliza fundi redio, nikamuuliza mwalimu wa fizikia, kila mmoja akanijibu kwa kujiamini na hakuna aliyejua kitu.

Basi nikaenda Mikumi. Mpiga picha mwenzangu, aliyekuwa akiwapiga wasafiri kwenye nyumba za wageni kando ya barabara kuu, alikuwa ameletewa kamera hizo mbili na dereva wa lori, moja ya kwake na nyingine ya kuuza.

"Shika bwana, haiumi," akaniambia.

Nikapiga lori, nikampiga muuza mahindi ya kuchoma, nikapiga kiatu changu. Vyote vikatokea pale pale. Mimi, mtu mzima na ndevu zangu, nikacheka kama mwehu. Kisha nikaigeuza huku na huku nikitafuta mlango wa mkanda.

"Negativu iko wapi?"

"Hakuna."

"Sasa mteja akirudi baada ya miaka kumi kutaka nakala nyingine?"

"Wewe nawe! Maswali kama polisi."

Akanipa siku mbili niende nayo nikaijaribu. Nikiipenda, nimwachie kamera yangu ya zamani pamoja na taa yake, niongeze kitu kidogo juu, tumemalizana.

Nilikubali haraka, na sababu haikuwa ule uerevu wa kamera peke yake. Kulikuwa na shangazi yangu.

Ngoja nieleze. Mkanda una picha thelathini na sita, na harusi ina watu mia tatu, kila mmoja anataka apigwe. Ukimkatalia mtu, ugomvi. Kwa hiyo sisi wapiga picha wa huku tulikuwa na ujanja wetu: taa ya kamera ina kitufe chake kwa nyuma. Ukikibonyeza inamulika, mtu anatabasamu, anashukuru, anaondoka, na mkanda haujaguswa. Tuliziita picha hewa. Kwenye harusi moja ya Rudewa nilikuwa nimebakiza picha tatu, na keki haijakatwa, shangazi akaja kujipanga mbele yangu na kitenge chake kipya. Nikampiga hewa. Shangazi aliyenilea, Mungu anisamehe.

Tangu hapo kila nikimwamkia shikamoo, anajibu, "Marahaba, baba. Picha yangu?"

"Iko Morogoro, shangazi, inasafishwa."

Kweli mikanda yetu yote ilikwenda kusafishwa Morogoro, ila haikuchukua miezi minane kama hiyo ya shangazi. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilifika Morogoro na kukaa huko. Na shangazi hakuitaka picha kwa mapambo. Babu yangu alikuja Rudewa kukata mkonge, akafia huko bila kupigwa picha hata moja, na shangazi alikuwa akisema sura ya baba yake sasa anaibahatisha tu. Hakutaka wajukuu waje kumbahatisha na yeye.

Nimepata dawa, nikajisemea nikirudi kutoka Mikumi. Nitampiga kwa dijitali, ataiona mwenyewe, na ile ya harusi itasahaulika.

Nilimkuta anachambua mchicha. Nikampiga, nikamwonyesha. Akakisogeza kioo karibu na jicho, akakipeleka mbali.

"He! Ndiyo mimi huyu? Mbona nimezeeka hivi!"

Akacheka mpaka mchicha ukamwagika. Kisha akaanza kuuliza, na hapo nikajua udadisi wangu niliurithi wapi. Inakula betri ngapi? Inaweza kupiga gizani? Na hiki kitufe chenye kipipa cha taka?

"Hicho cha kufutia, shangazi. Ukibonyeza, picha inapotea."

"Inapotea kabisa? Hata Morogoro haiko?"

"Haiko popote."

Akanirudishia. "Na ile kamera yako ya zamani?"

"Nataka kuibadilisha na hii."

Akarudi kwenye mchicha wake. "Ile ukishapiga," akasema, "kidole gumba chako kinavuta kile kichuma cha juu, krrr, mkanda unasogea. Nimekutazama tangu ulipoanza kazi. Siku ya harusi uliwapiga maharusi, krrr. Ukawapiga wasimamizi, krrr. Uliponipiga mimi, kidole hakikuvuta."

Niliona haya mpaka masikio yakaniwaka moto. "Sasa shangazi, mbona ulikuwa unaniuliza kila siku?"

"Nilitaka nijue utasema lini."

"Nisamehe."

"Kailete ile. Usimpe mtu kabla sijaisikia."

Nilikwenda kibandani karibu mbio. Niliporudi alikuwa amevaa kitenge kile kile cha harusi, amekaa wima kwenye kiti. Ya dijitali niliirudisha Mikumi kesho yake. Dijitali ya kwangu mwenyewe niliinunua miaka miwili baadaye, na ya zamani sikumwachia mtu. Lakini alasiri ile nililenga, nikabonyeza, taa ikamulika. Shangazi hakupepesa. Macho yake yakahama kutoka kwenye lenzi, yakatua kwenye kidole changu, yakangoja.

Nikavuta. Krrr.

"Haya," akasema. "Sasa ndiyo iende Morogoro."