Geti Ambalo Nabii Hakulitaja

Mimi hubishana. Ndiyo tabia yangu, na kazi ya kliaringi, ya kupitisha mizigo ya watu forodhani, hapa Busia imeikuza, maana malori yakikwama kwenye foleni madereva hawana la kufanya ila kunywa chai na kumchokoza mtu. Wananiita wakili wa Mungu. Mmoja akianza, "Hicho kitabu chenu kilibadilishwa zamani," hajamaliza kukoroga sukari nimeshamjibu: ziko nakala za manabii zilizokutwa mapangoni, za kabla Yesu hajazaliwa, na ukizilinganisha na tunachosoma leo, tofauti ni ndogo ndogo. Utabiri nao nawaeleza kwa lugha ya kazi yetu. Hati za mzigo huingizwa kabla lori halijafika mpakani; ukiziandika lori likiwa limeshaegeshwa, hiyo si taarifa, ni hadithi. Nabii aliitaja Bethlehemu, mji mdogo usiotishia mtu, na mtoto akaja kuzaliwa humo karne nyingi baadaye.

Mtu niliyetamani ayasikie haya mapema kuliko wote ni mama yangu. Inaniuma kwamba pasta alimfikia kwanza.

Kanisa letu liko Lumino, upande wa Uganda. Mpaka ulipotengenezwa upya, ikawa unagongewa mihuri yote upande mmoja, pasta alitangaza kwamba nabii alituona. Si imeandikwa kuhusu malango yasiyofungwa mchana wala usiku, na mali ya mataifa ikiingizwa humo? "Nendeni mkatazame malori," akasema, na kina mama wakapiga vigelegele. Hakuuliza nani aliambiwa maneno yale. Waliambiwa watu wa Yerusalemu, waliotoka uhamishoni wakakuta kuta zimebomoka. Lakini nani atapigia Yerusalemu vigelegele wakati lori la mafuta linanguruma barabarani? Sikatai, pasta hakuwa tapeli, alihubiri kwa furaha tu. Hasira nayo haijanitoka.

Mama aliyashika yale maneno kuliko wote. Sisi Wasamia mpaka ulitupitia katikati, nusu ya ukoo iko Kenya, na mdogo wake mama, mama mdogo wangu, aliolewa huko ng'ambo. Kuambiwa kwamba Mungu mwenyewe ameweka neno lake juu ya njia ya kwenda kwa dada yako si jambo dogo.

Kisha ikaja korona, mpaka ukafungwa kwa watu, malori tu yakaruhusiwa. Katika miezi hiyo mama mdogo akafa. Maziko ya wakati ule yalikuwa ya mbiombio, wakasema anazikwa kesho yake. Mimi nilikuwa nimekwama Tororo, usafiri umepigwa marufuku, nikabaki na simu tu. Jirani yetu mwenye boda alikubali kumpitisha mama kwa panya, vile vichochoro vya mpakani ambavyo sisi wa hapa tumevipita tangu utotoni. "Mama, hata panya ni za Mungu," alimwambia. Mama akakataa kabisa.

"Geti litafunguliwa," aliniambia kwenye simu, ametulia kama mtu anayengoja chai iive. "Imeandikwa, mwanangu."

Jirani akampeleka hadi Busia kwa kujificha. Mama akaketi kando ya uzio, kavaa gauni la Jumapili, Biblia mapajani. Hapo ndipo ninaposhindwa kuvumilia nikikumbuka alivyonisimulia jirani, kwa sababu geti lilikuwa likifunguliwa kweli. Kila lori lilipofika lilifunguliwa, naye akasimama, akajifuta vumbi, akasogea. Askari akamwambia, "Rudi, mama, hii ni ya mizigo." Akarudi akaketi. Lori jingine likaja, akasimama tena. Saa sita hivi wakapiga simu kutoka ng'ambo kwamba wameshafukia kaburi. Kwetu dada ndiye hukaa karibu na maiti amlilie, na siku hiyo mahali pake palikuwa wazi. Askari alimletea maji ya kunywa, na jirani akamrudisha nyumbani.

Hakulalamika. Biblia aliiweka chini ya nguo sandukuni, na kanisani hajaenda tena. Ukimuuliza anasema ni miguu, lakini sokoni anakwenda kwa miguu hiyo hiyo.

Mwaka huu nikaona basi, hata kama maji yameshamwagika, nitajaribu. Nilimkuta uani anaanika mukene, wale samaki wadogo ambao ng'ambo huitwa omena. Nikakaa naye nikamweleza yote: nakala za mapangoni, Bethlehemu, utabiri ulivyotangulia. Nikamwambia pasta alichukua ahadi ya Yerusalemu akaibandika kwenye geti la Busia, kwa hiyo nabii hakumdanganya. Sijawahi kubishana vizuri namna ile.

Alisikiliza bila kunikatiza, akiwageuza samaki kwa kiganja.

"Nimekuelewa," akasema. "Kitabu ni cha kweli. Mimi ndiye niliyekaa pale nangojea ahadi ya watu wengine."

Nikasema ndiyo, nikifurahi kwamba amekubali.

"Na yangu ni ipi? Ile ambayo ningeishika siku ile, nikafika kwa dada yangu?"

Madereva huwa siwangoji wamalize swali. Mama alingoja. Wingu lilipotanda upande wa ziwa akaanza kukusanya samaki wake, nami nikainama kumsaidia.